Marehemu Alikaa Kiti cha Mbele

Mume wangu Velaphi Mbuyazi hajui kunyamaza. Alipokuwa mtoto akichunga mbuzi, aliwahutubia mbuzi. Alipokua akaenda kuomba kazi ya kuosha magari kwa watu wanaopeleka wageni kuona wanyama. Akiwa na ndoo mkononi akawasimulia wageni pale uani jinsi chui alivyomlamba mguu usingizini, na kabla jua halijazama alikuwa msaidizi wa mwongozaji. Hakukuwa na chui. Alikuwa mbwa wetu. Namjua vizuri mbwa yule, nilikuja naye mimi kutoka kwa wazazi wangu.

Namwita mume wangu kwa sababu ng'ombe wa mahari walioletwa na baba yake bado wako zizini kwa wazazi wangu, na wamezaa. Yeye mwenyewe yuko Mtuba mjini, kwa mwanamke anayeuza nywele za bandia, kwenye nyumba yenye bafu la ndani. Alihama Jumapili nikiwa kanisani. Alichukua redio, kitanda na jogoo. Jogoo, nasikia, alichinjwa wiki hiyo hiyo.

Kitandani tuliachana, kazini hatukuachana. Mimi ndiye mpishi wa safari zake. Yeye hukaa mbele na usukani na kofia yake yenye unyoya; mimi hukaa nyuma kabisa na masufuria, mkaa na kasha la barafu. Kila safari nasikia maneno yale yale. Kuro, swala yule mkubwa, ana duara jeupe matakoni kwa sababu alikalia choo kilichopakwa rangi mbichi. Wageni wanacheka, wengine mpaka machozi. Mimi nasubiri wamalize, nikaoshe vyombo.

Baba yake hakuwa hivyo. Mzee yule alikuwa mpole, mtu wa kukuomba chumvi kama anaomba shamba. Alifanya kazi Cape Vidal, ufukweni, akiwasafishia wavuvi wa kizungu samaki wao. Siku moja upepo ulipeperusha kofia ya mzungu, mzee akaikimbilia kwenye miamba, wimbi likamchukua. Kofia ilirudi ufukweni nzima kabisa.

Mwili tuliupata, tukauzika. Lakini roho ya mtu haipandi yenyewe gari la maiti. Lazima mtu wa nyumbani aende pale alipofia na tawi la umlahlankosi, ule mti wenye miiba, amwite, ambebe mpaka nyumbani na kumlaza kwenye umsamo, kule nyuma kabisa ndani ya nyumba ya msonge, wanakokaa wazee wa ukoo. Na aliyebeba tawi haongei na mtu aliye hai. Anaongea na marehemu peke yake: Baba, tunavuka daraja. Baba, tunakata kona. Asipomwambia, mzee anabaki njia panda kama mtu aliyeachwa na basi.

Velaphi aliahirisha mwaka baada ya mwaka. Kisha gari likamzimikia mbele ya tembo, jino likamwuma likang'olewa likauma palepale pasipo na jino, na mganga akamwambia, "Baba yako amesimama majini, anasikia baridi." Hapo akaogopa. Lakini Velaphi hachomi mafuta yake kama kuna ya tajiri. Akaamua kumchukua baba yake katikati ya safari ya wageni.

Aliniambia asubuhi, kambini kule pwani, nikikoroga uji.

"MaNtuli, leo namchukua Baba."

"Na wageni?"

"Utawaongoza wewe mpaka nimfikishe. Mimi nitaendesha tu."

"Mimi niongoze nini? Naongoza sufuria."

"Miaka yote unanisikia. Sema ninavyosema. Ukisahau, sema 'ndege yule.' Ndege hawakosekani."

"Na Baba unampeleka wapi?"

Akageuza uso akaangalia bahari. "Nyumbani."

"Nyumbani wapi, Velaphi?"

"Anapokaa mwanawe."

Nikaacha mwiko ndani ya uji. Anapokaa mwanawe ni Mtuba, kwenye bafu la ndani. Mzee akilazwa kule, mbuzi wote watachinjwa kule, pombe itapikwa kule, na binti zangu wakiposwa mzee ataambiwa kule. Wazee wa Mbuyazi hawatakanyaga tena uwanja wangu. Nyumba yangu ya msonge itakuwa ghala lenye nyasi juu, na mimi mpangaji kwenye uwanja niliofagia tangu nilipoolewa. Mzee yule nilimkanda miguu mimi. Huyo wa nywele hata sauti yake haijui.

Nilimimina uji.

Wageni wetu walikuwa Waholanzi wanne, na aliyekuwa na sauti kati yao ni Bi Margriet, mkunga mstaafu mwenye goti bovu na darubini kubwa kuliko kichwa chake. Tangu usiku wa kwanza alituambia amekuja kuona kitu kimoja tu kabla hajapasuliwa goti: kifaru mweusi. Simba hakuwataka, amewaona kwenye televisheni. Velaphi alimwapia kwa jina la mama yake kwamba atamwona, na ukweli ni kwamba tangu mvua zianze hata yeye hakuwa amemwona kifaru mweusi hata kivuli.

Velaphi akasimama kwenye miamba na tawi lake, akavua kofia, akaita, "Baba, Mbuyazi, mimi Velaphi. Twende." Wageni wakadhani ni sehemu ya safari, wakapiga picha. Kisha akarudi kwenye gari na midomo ameibana kama mfuko uliofungwa kwa kamba. Akakifungia mkanda wa usalama kiti kitupu cha mbele, tawi akalibana kwapani, akawasha gari.

Bi Margriet alikuwa amesimama mlangoni. "Mbele hakuna mtu. Naweza kukaa? Nyuma natapika."

Velaphi akanitazama. Mara ya kwanza maishani ananitazama ananihitaji.

"Kuna mtu," nikasema.

"Nani?"

"Mzee wa nyumbani. Hana matata, hasemi sana."

Bi Margriet akakitazama kiti, akaunyoosha mkanda vizuri kama anamhudumia mgonjwa, akaenda kukaa nyuma.

Tukaondoka. Gari lile ni la gia za mkono, na tawi lile lina miiba ya aina mbili, mmoja ulionyooka na mmoja wa kukunja kama ndoana. Kila Velaphi alipobadilisha gia, mwiba ulimwingia.

"Baba!" akalia.

"Kwa nini anamwita baba yake?" akauliza Bi Margriet.

"Kwetu tunaheshimu wazazi."

Akatia gia ya tatu. "Baba! Maye, Baba!"

"Anaheshimu sana," akasema Bi Margriet.

Nikaanza kuongoza. Nilisema "ndege yule" mara nyingi. Kisha nikaona kundi la kuro, na shetani akanishika mkono. Nikawaambia wageni, "Hawa ni punda wa serikali. Lile duara matakoni ni muhuri." Wageni wakatikisa vichwa kwa adabu. Shingo ya Velaphi ikavimba. Ule mzaha wa choo ulikuwa umempa kofia ile ya mwongozaji, na sasa hakuruhusiwa kuusema.

Hapo nikatambua neema niliyopewa. Tangu ujana wangu sijawahi kumaliza sentensi mbele ya mtu huyu. Sasa alikuwa mbele yangu, amefungwa mdomo na baba yake mwenyewe. Nikajifunika kitenge mabegani, maana niko mbele ya mkwe, nikasema kwa lugha yetu:

"Baba, mimi MaNtuli, mkaza mwanao wa jikoni. Karibu garini. Muulize mwanao kitanda changu kiko wapi."

Velaphi akakohoa. Nikajua amebanwa. Kisha macho yake kwenye kioo yakang'aa, amegundua mlango.

"Baba," akasema akitazama kiti cha mbele, "usimsikilize mwanamke huyu. Kitanda kile nilikinunua mimi."

"Baba, alikinunua kwa mbuzi wako."

"Baba, mbuzi yule alikuwa mgonjwa!"

"Baba, muulize kama jogoo naye alikuwa mgonjwa."

"Baba, huyu ndiye sababu nilihama. Unasikia mdomo huo? Mwanamume hawezi kula kwa amani!"

"Baba, kula alikula. Mtazame shingo."

Wageni walikuwa wakigeuza vichwa, kwangu, kwake, kwenye kiti kitupu.

"Wanazungumzia nini?" akauliza mwanamume mmoja kati yao.

"Anasema viboko ni wengi mwaka huu," nikamjibu.

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema mmoja amenenepa sana."

Tukaenda hivyo, yeye akidungwa, mimi nikimsimulia mzee yote aliyoyakosa tangu wimbi lile. Kwenye kona Velaphi alikatiza ugomvi kwa sauti ya kanisani, "Baba, tunakata kushoto," kisha akarudi, "na Baba, maharage yake yana mawe." Nilikuwa sijacheka naye miaka mingi. Nilicheka nikiwa nimejifunika kitenge, asinione.

Tulipokaribia vichaka vizito kabla ya geti la hifadhi, kitu kikubwa cha kijivu kilisimama kando ya barabara kinakula miiba. Bi Margriet akainuka.

"Ni nini kile? Kile pale!"

Hata mimi nilikiona. Mdomo umechongoka kama kidole, pembe mbili, kichwa juu. Miaka yote ile nyuma ya masufuria sikuwa kipofu. Lakini nilimwona Velaphi pia, jinsi mgongo wake ulivyonyooka, nikakumbuka kanisa na kitanda changu.

"Ni kiboko tu," nikasema. "Amepotea njia."

"Kiboko?" Bi Margriet akashusha darubini.

Velaphi akashika usukani kwa mikono miwili. "Baba," akasema, "Baba, ona kiboko mwenye pembe."

"Anasemaje?"

"Anasema kiboko mzee."

"Baba, mama huyu amevuka bahari. Baba, ana goti bovu. Baba, mwambie asimame!"

Mnyama akageuka, akaanza kuzama kichakani, kwanza kichwa, kisha mabega. Bi Margriet alikuwa ameshakaa, anatafuta chupa yake ya maji. Na Velaphi Mbuyazi, aliyemwacha mkewe bila neno, hakuweza kumwacha mgeni apitwe.

"Kifaru mweusi!" akapiga kelele. "Bi Margriet, kifaru mweusi! Mtazame mama, kulia kwako, kulia! Haraka!"

Bi Margriet aligeuka, akamwona. Matako na mkia tu, lakini alimwona. Akalia machozi. Akamkumbatia Velaphi kutoka nyuma, mwenyewe akadungwa na tawi, akasema neno la kwao.

Kisha Velaphi akalitazama tawi kama mtu aliyevunja chungu cha watu.

"MaNtuli," akasema polepole. "Nimeongea."

"Umeongea."

"Umefanya makusudi."

"Mimi mpishi. Mimi najua nini kuhusu vifaru?"

Akamwita shangazi yake Bajabulile kwenye simu, yule ajuaye mambo ya ukoo. Sauti ya bibi yule haihitaji simu, tulimsikia wote.

"Umeongea na nani?"

"Na mzungu, Shangazi. Kulikuwa na kifaru."

"Hata kwenye mazishi yako utainuka uonyeshe watu kifaru! Baba yako alikufa kwa ajili ya kofia ya mzungu, na wewe umeshindwa kunyamaza kwa ajili ya mzungu. Tawi lichukuliwe na mwingine wa nyumba yetu. Nani yuko hapo?"

"Hakuna mtu. Kuna MaNtuli tu."

"Huyo MaNtuli tu, alitolewa ng'ombe na nani?"

"Na Baba."

"Wamerudishwa?"

"Hapana, Shangazi, lakini..."

"Wako wapi ng'ombe wa mahari ya huyo wa nywele? Nauliza, wako wapi?"

Velaphi akatazama dari.

"Mpe MaNtuli tawi. Na umfungulie mlango, mjinga wewe."

Alinifungulia. Nikashuka nyuma, nikaenda mbele, nikakaa kiti cha mbele na mzee mapajani, na sikuwa nimewahi kuiona barabara ile bila masufuria mbele yangu. Ni barabara nzuri.

Bei yake ilikuwa kubwa. Sasa mimi ndiye niliyefungwa, na Velaphi alikuwa na maneno ya asubuhi nzima. Kwanza alirudia habari ya kuro, akaeleza choo na rangi mbichi, wageni wakacheka kama watu waliofunguliwa. Kisha akanigeukia. Maharage, wivu, mama yangu, namna ninavyokoroma. Miiba ilinidunga mapaja na sikusema kitu. Kwenye daraja nikasema, "Baba, tunavuka maji. Usiogope, haya yametulia."

Hapo Velaphi akapunguza mwendo mpaka tulipovuka.

Kona ya kwetu iko kabla ya Mtuba, penye duka lililopakwa rangi ya bluu. Aliikaribia bila kupunguza mwendo. Nikamtazama, nikalitazama tawi.

"Baba," nikasema, "hapa ndipo tunapokata. Hapa ndipo nyumbani. Pale nilipokukanda miguu."

Mzee ameshaambiwa. Gari likipita, mzee anashuka peke yake barabarani, malori yanakuja. Velaphi alijua. Alipiga usukani kwa kiganja, akatukana kimya kimya, akakata kona.

Wageni walishukia uwanjani kwangu, nikawaonyesha mikeka kwa ishara. Niliingia msongeni bila viatu, nikamlaza mzee kwenye umsamo. Nikamwambia amefika. Nilipotoka, Bi Margriet alikuwa akinywa uji mchachu kwenye kata na kumwuliza Velaphi kama hii ndiyo nyumba yake.

Mwongozaji yule alivua kofia yake akaikunja.

Sasa jino likimwuma, au wageni wakipungua, au akiota maji, hana pa kwenda kusema na baba yake ila kwangu. Huja Jumapili jioni kutoka Mtuba na chupa ya pombe na ugoro wa mzee, anasimama nje ya mlango, anabisha.

"MaNtuli, naomba kuingia kwa Baba."

Mara nyingine nasikia akibisha mara ya kwanza. Mara nyingine nina vyombo vya kuosha.

Kitanda alikirudisha mwezi uliopita, bila kuombwa. Jogoo bado.