Amplifaya Iliyofukizwa Udi

Niwieni radhi, wasomaji, kwa mwandiko huu na makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba, na mkono wangu umezoea bisibisi kuliko kalamu.

Dada yangu alipoolewa, hapa Malindi, mimi ndiye niliyetwikwa kazi ya muziki. Amplifaya ilikuwa ya mjomba, na spika zake mbili. Moja niliiweka barazani kwa wanaume, ya pili uani kwa wanawake, na katikati pazia. Alasiri nikatia kaseti ya taarabu. Barazani wakaanza kutikisa vichwa. Uani, kimya.

Shangazi, msimamizi wa bibi harusi, akachomoza kichwa penye pazia.

"We mtoto! Dada yako hatoki kimya kimya kama anasomewa hitima. Muziki usipolia, hatoki!"

Na dada yuko chumbani, kapambwa, jasho linamtoka, ananingoja mimi.

Niingie uani, kati ya wanawake wote wale, kukagua spika? Heri ardhi inimeze. Nikabaki na amplifaya yangu kando ya pazia. Nikazima, nikabadilisha nyaya za spika, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia, nikawasha. Uani vigelegele! Barazani kimya. Basi spika zote mbili nzima. Ugonjwa umo ndani ya amplifaya.

"Hapo hapo, usiguse tena!" akasema shangazi.

"Lakini shangazi, wanaume..."

"Wanaume wana kahawa na halua. Wanataka nini tena?"

Mjomba akaja mbio, kikombe mkononi. "Amplifaya yangu, halafu mimi ndiye nisiyesikia? Basi hasikii mtu!" Akachomoa waya ukutani.

Sasa dada hatoki kabisa. Nikafungua mfuniko haraka. Harufu iliyonipiga usoni ilikuwa ya udi mtupu.

"Shangazi, nani kaifukiza mashine?"

"Mimi. Vitu vyote vya harusi vimefukizwa. Hilo sanduku la mjomba wako lilikuwa likinuka panya."

"Panya wa nani?" mjomba akauliza.

Nikachungulia ndani. Kile kitufe cha kugawa sauti kulia na kushoto kilikuwa kimegandwa na masizi ya udi, sauti ikipita upande mmoja tu. Nikaomba spiriti ya kuwashia taa ya karabai, nikakidondoshea, nikakizungusha huku na huku mpaka kikalainika, nikaacha pakauke. Mjomba akarudisha waya, uso kaukunja. Kra, kra, kra... halafu taarabu ikalia pande zote mbili, na dada akatoka kwa vigelegele.

Imebaki taabu moja. Amplifaya ikipata moto, hunukia udi nyumba nzima, na mke wa mjomba kila mara humuuliza ni mgeni gani wa kike aliyepita. Mjomba ananilaumu mimi. Msomaji unayejua dawa ya kuondoa harufu ya udi ndani ya mashine bila kuiua, tafadhali niandikie. Na uandike herufi kubwa kubwa, maana kusoma pia nakwenda polepole.