Mguu wa Swala

Mama mdogo ni fundi cherehani, na cherehani yake anaikanyaga kwa mguu mmoja. Ule wa kushoto huunyoosha pembeni kama mzigo alioachiwa amtunzie mtu. Shuleni walimwita Swala. Mimi sijawahi kumwona akikimbia.

Mwalimu wao wa michezo, waliyempa jina la Filimbi, alikuwa na sheria moja: hakuna kutoka uwanjani kabla hajapuliza. Mmoja akiomba kupumzika, wote waliongezewa mizunguko, kwa hiyo watoto walichungana wenyewe. Katika mazoezi ya mwisho kabla ya mashindano, kifundo cha mguu wa Mama mdogo kiliteguka penye kona. Alipopunguza mwendo, wenzake walimnong'oneza wakimpita, "Usituponze, Swala. Kimbia hivyo hivyo."

Akakimbia. Filimbi alikuwa ameitwa ofisini na mwalimu mkuu, akasahau kabisa kwamba ameacha watoto wanazunguka. Aliporudi kufunga stoo ya mipira, jua limezama, aliwakuta bado wanakimbia. Akapuliza. Mama mdogo akaanguka palepale.

"Simama! Nani kakwambia ukae?"

Mguu haukupona tena sawasawa.

"Ninachotaka," huniambia akitunga uzi kwenye sindano, "ni aseme tu kwamba alisahau. Basi."

Juzi mzee mmoja aliingia na suruali ya kupunguza. Mimi nilikuwa kwenye benchi, nafumua pindo la gauni. Mama mdogo aliinuka ghafla kwa kushika meza, kisha akaweka mikono nyuma.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona umekakamaa kama askari? Kaa, binti, kaa."

Hakukaa. Alimpima kiuno, akampima urefu.

"Mwalimu, unanikumbuka? Mimi Swala. Siku ile tulizunguka mpaka jioni, ulipoitwa ofisini."

Mzee akacheka. "Mlikuwa wengi, mama! Lakini niliwanyoosha, sivyo? Ona sasa, una kazi yako." Akautazama mguu. "Na huo vipi? Uzee?"

Nilifungua mdomo. Mama mdogo akanikata jicho, nikainamia pindo.

"Ndiyo, mwalimu," akasema. "Uzee."

Mzee alipotoka, Mama mdogo alibaki palepale, mikono nyuma, mguu ukitikisika chini ya sketi. Nilimsogezea kiti.

"Mama mdogo, ameshaondoka. Kaa."

"Najua, mwanangu," akasema, bado akiangalia mlango. Hakukaa.