Mji wa Juu na Mji wa Chini

Wapo wanaomshukuru Mungu kwa kuwapa marafiki wapole. Mimi namshukuru kwa mtani wangu, Mnyamwezi mwenye mdomo, niliyekutana naye tukisoma chuo pale Mazimbu, na ambaye kwa miaka mingi tuligombania naye miji isiyokuwepo duniani.

Ulikuwa mchezo wa kufikirika, wa mezani. Kanuni tulizitoa mtandaoni, ramani tukaichora wenyewe kwenye karatasi ya manila, sebuleni kwake mjini, Kihonda. Mimi Mluguru nikachukua Mji wa Juu, wenye chemchemi na mashujaa wanaoongea na ukungu. Yeye akachukua Mji wa Chini, wenye soko, maghala na mazimwi wa kukodi. Kila mji ulianza na mtemi na ukuta wa miti. Kila tuliporusha dadu, mji uliweza kupata baraza, kodi, mabalozi. Kila mmoja aliandika historia ya mji wake, na humo alimchora jirani apendavyo. Kwangu, watu wa Chini walikuwa walafi wasioshiba. Kwake, sisi wa Juu tulikuwa washamba wenye majivuno, tunaoabudu mvua halafu tunaikimbia. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Mama yangu aliposhuka kutoka milimani kunitembelea, nilikwenda naye kwa mtani wangu. Akawa anapukuchua maharage huku akitutukana sote. Mtani wangu alimwita "mtumwa wangu", mama naye akamwita vivyo hivyo, kama watani wa makabila yetu waitanavyo, na wote wawili wakafurahi.

Kisha Mji wa Chini ukakua, ukaanza kunitisha, nami nikafunga mifereji yote ya maji inayoshukia kwake. Ilikuwa hatua halali kabisa. Ila wiki hiyo bomba la Kihonda lilikuwa halijatoa hata tone, na ndoo zake tupu zilikuwa zimepangwa mlangoni.

"Hata kwenye mchezo mnatubania maji," akasema, wala hakutabasamu.

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia kwamba mama yangu huko milimani amekatazwa kulima kando ya mto ili nyie wa mjini muoge, na hakuna hata mmoja aliyepanda mlima kumwambia ahsante. Akakunja ramani. Mvua za vuli zikaja, zikaisha, hatupigiani simu. Kila mmoja alijiona ana haki, na mpaka leo naona wote tulikuwa nayo. Lakini nilimkumbuka mno, na sikujua kama nitampata tena.

Ndipo mama akafariki.

Msiba ulikuwa kwetu, huko juu. Siku ya kuzika, kabla jeneza halijatoka, nikasikia vicheko uani. Kwetu mtani ana ruhusa msibani: huvaa nguo za marehemu, humwigiza, na hakuna wa kumkasirikia. Nikachungulia. Alikuwa yeye, viatu vimejaa tope, amejibana ndani ya gauni la mama, amepinda mgongo kama mama, anapukuchua maharage ya hewani na kumtukana kila anayepita. Halafu akasimama mlangoni, akaukinga kwa mikono miwili.

"Nimetumwa na Mji wa Chini," akatangaza, "kuhakikisha huyu mama aliyetubania maji kafa kweli. Hatoki mtu hapa mpaka niridhike!"

Watu wakaangua kicheko, wajomba wakambembeleza apishe njia. Hakuna aliyejua mji huo uko wapi. Mimi nilijua, na moyo wangu ukatulia.

Tuliporudi kutoka kaburini sikumwona. Nikamkuta nyuma ya jiko, kwenye kuni, bado amevaa lile gauni, analia. Nikakaa karibu naye.

"Wewe mtumwa," nikamwambia, "nani kakuruhusu kulia kwenye msiba wangu?"

Akajifuta pua kwa kiganja. "Sasa nani atamlilia? Nyie wa Juu maji mnayo, machozi hamna."

Nami, ambaye tangu jana yake sikuwa nimeweza kulia, nikalaza kichwa kwenye gauni la mama, begani kwa mtani wangu, nikamlilia mama.