Utepe wa Buluu na Mkono wa Sweta

Nakumbuka siku moja ya Julai pale Githongo, baridi imekaza, kahawa mbivu imejaa kiwandani na mashine ya kuimenya imevunjika shafti, ule mhimili wake wa kuzungusha. Mwanangu Kendi, mimi anko wako nakwambia haya nikiwa nimekasirika, na usijaribu kunipoza kwa chai. Jana ulinionyesha kwenye simu ile video ya karakana yenu ya Kinoru. Utepe wa chuma unatoka kwenye mashine ya kukereza, mrefu, wa buluu, unajiviringa, nawe umeshika simu kwa mkono mmoja na kuuvuta utepe kwa mwingine huku unacheka. Eti wenzako wameipenda. Mimi nilitaka kuitupa hiyo simu chooni.

Siku hiyo ya Githongo nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, kazi yangu kukereza chuma, kukichonga kwa kisu kikizunguka kwenye mashine, najiona nimefika. Fundi mkuu wetu alikuwa Mzee Kirimi, mtu mpole mpaka unamwonea huruma. Alinipa chuma nikereze shafti mpya, akarudi kwenye meza yake kupiga tupa. Alisema tu, "Usiikimbize, kijana. Hicho chuma ni laini, kitakutolea kamba."

Hiyo kamba ndiyo nyinyi hamuielewi. Mnafikiri kisu cha mashine kinakata chuma vile mtu anakata ugali. Hakikati hivyo. Kinakisukuma. Chuma kilicho mbele ya kisu kinabanwa mpaka kinashindwa, kinateleza tabaka juu ya tabaka, vile udongo mbichi unapanda kwenye jembe, na ndiyo maana kinachotoka ni kinene na kifupi kuliko kilivyokuwa pale mwanzo. Joto linazaliwa hapo hapo. Ukiongeza kasi, joto linazidi, na chuma laini hakivunjiki vipande, kinatiririka utepe mmoja. Upande uliopita kwenye kisu unang'aa, huo ndio umeupenda. Upande wa pili umejaa mikunjo, na ukingoni kuna meno kama ya msumeno. Hayo meno kwenye video yako hayaonekani.

Basi mimi nilikimbiza. Wakulima walikuwa wamekaa nje ya kiwanda na magunia yao, kahawa inaanza kuchacha, na nilitaka waseme kijana wa M'Ikiara, baba yangu, ndiye ameiokoa. Utepe ukatoka wa buluu, ukajizungusha kwenye shafti, ukaanza kunizonga. Badala ya kuzima mashine nikaunyakua. Nilikuwa nimevaa sweta alilonifumia mama, mikono yake mirefu mpaka kwenye vidole. Yale meno yakashika uzi. Shafti ikavuta utepe, utepe ukavuta sweta, na mimi nikafuata.

Mzee Kirimi aliruka. Mkono wa kushoto ukazima mashine, wa kulia ukaukamata utepe karibu na kiwiko changu, akaushikilia mpaka sweta likachanika. Mimi nilitoka na mchubuko. Yeye alikatwa mishipa ya vidole viwili, na havikukunjika tena mpaka tulipomzika. Fundi wa tupa, mwanangu, akawa anasalimia watu kwa mkono wa kushoto na kuomba msamaha kila mara.

Nilipoenda kumwona hospitalini nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane. Akaniambia, "Nilikuona na hilo sweta tangu asubuhi, nikanyamaza. Nilijua ni mama yako amelifuma, sikutaka ujisikie vibaya."

Maneno hayo yamenikasirisha maisha yangu yote. Nimejikasirikia mwenyewe, na Mungu anisamehe, nimemkasirikia hata yeye, kwa huo upole wake. Angenifokea asubuhi mbele ya watu, ningenuna mpaka saa nane mchana, halafu yangeisha. Angezikwa na vidole vyake vikiwa vizima.

Kwa hivyo nakufokea, na kama ni kununa, nuna. Jana umeniambia, "Anko, ni video tu." Mkono mmoja simu, mkono mwingine utepe. Mashine ungeizima na mkono gani? Sikuweza kulala.

Kunja mikono ya sweta mpaka juu ya kiwiko, hata baridi ya huko ikuume. Utepe ukirefuka, zima mashine, ungoje isimame kabisa, uutoe kwa ndoano. Kisha noa kisu, ukiwekee kituta kidogo cha kuuvunja utepe, na uongeze kidogo unene wa chuma kinachotolewa, utepe utoke vipande vifupi. Na ukimwona mwenzako anaushika kwa mkono, usimwonee haya. Mpigie kelele, akuchukie, arudi nyumbani mzima.

Mungu akuzeeshe, Kendi, uje kunizika mimi, na siku hiyo uchukue udongo kwa mkono wa kulia, vidole vyote vitano vikikunjika. Sasa lete hiyo simu tuifute hiyo video.