Mzee Koma Alivyoushusha Wimbo

Katika kwaya ya kanisa kuu tulimwita Mzee Koma, ingawa si mbele yake. Alikuwa mpiga kinanda na mwalimu wetu, mtu mwembamba ambaye kila mazoezi alifoka, "Hapo hakuna koma! Nani kakuruhusu kuvuta pumzi?" Sisi watoto wa sauti ya kwanza tulimwogopa, lakini mazoezi hatukukosa hata mvua inyeshe vipi.

Mimi ndiye niliyepewa kuimba peke yangu. Mama alijivuna mpaka majirani wakamchoka.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu siku aliposimikwa askofu mpya. Kanisa lilifurika. Ubeti wa kwanza ukapita vizuri. Katika wa pili, nilipopanda juu, sauti ikanipasukia kooni, ikatoka kama ya jogoo anayejifunza kuwika. Mtu akacheka. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Kinanda hakikunyamaza. Mzee Koma alikuwa akinitazama kwenye kioo kidogo kilichokuwa mbele yake, alichotumia kuiona kwaya iliyokuwa nyuma yake. Akauzungusha muziki, kana kwamba wimbo ulitungwa hivyo, akaushusha taratibu, kisha akanisubiri. Nikaelewa. Nikaingia huko chini, kwa sauti nzito ambayo hata mimi sikuijua, nikaimba mpaka mwisho.

Baada ya ibada nikajificha kwenye chumba cha majoho. Akanikuta.

"Mwalimu, nimekuaibisha."

"Umeniaibisha kwa lipi? Umekua tu, mwanangu. Wiki ijayo ukae na watu wa besi. Na hilo joho mpe mwenzako, limeshakuwa fupi."

Niliimba besi chini yake miaka mingi, hata nilipokuwa fundi bomba mwenye mke na watoto. Kisha akapata kiharusi, mkono wake wa kushoto ukafa ganzi. Nilipokwenda kumjulia hali, nilimkuta sebuleni mbele ya kinanda kidogo, akipiga kwa mkono wa kulia peke yake.

"Hapa chini pamebaki patupu," akasema. "Hebu pajaze."

Nikasimama nyuma ya kiti chake, nikaimba besi, sehemu ya ule mkono uliolala.

Tangu hapo nikawa nakwenda kila Jumamosi nikitoka kazini, mikono ikinuka gundi ya mabomba. Siku nyingine alisinzia wimbo ukiwa katikati, nami nikaendelea polepole mpaka mkewe alipokuja kumfunika shuka.