Mfuko wa Dhahabu Usio na Dhahabu

Baba alipofariki, mama alikaa eda nyumbani kwetu Malindi, na fungu lake la mirathi likakaa benki bila kazi. Alitaka likue, aende Hija kabla magoti hayajamkatalia. Riba hakutaka hata kuisikia. Ndugu zangu wote wakanitazama mimi, mhasibu wa hoteli, kana kwamba kuhesabu mashuka na soda kunamfanya mtu ajue kila kitu.

Nikapata mfuko wa uwekezaji unaofuata bei ya dhahabu na kuuzwa kwenye soko la hisa kama hisa yoyote. Niliupenda papo hapo. Dhahabu mama anaijua. Bangili zake alikuwa amezivua kwa ajili ya eda tu.

Lakini wakala wa hisa wa Nairobi, niliyemwomba atununulie, alisema kwanza lazima ijulikane kama ni bidhaa rahisi au bidhaa tata. Ikiwa tata, haiuzwi kwa mtu asiyeielewa. Nikasoma maelezo aliyonitumia mpaka kichwa kikaniuma. Mahali pamoja yalisema kitu kinachouzwa hadharani na bei yake kuonekana ni rahisi. Mahali pengine yalisema mfuko huu hauna hata kipande cha dhahabu. Una mkataba na benki iliyoahidi kulipa kadiri bei inavyopanda. Sasa jamani, hiyo ni rahisi au tata? Nilisoma tena nikachanganyikiwa zaidi, na hasira juu.

Wakala akapiga simu. Mama, kwa kuwa yumo edani, hakutaka kusema na mwanamume wa kando, basi nikawa napeleka maneno huku na huku.

"Mama, auliza kama waelewa unachonunua."

"Mwambie naelewa."

"Waelewa nini?"

"Nakuelewa wewe. Si wewe uliyesoma? Ukisema ni dhahabu, ni dhahabu."

Neno hilo lilinichoma. Nikamwambia wakala, "Iweke kwenye tata. Usimuuzie."

Simu ilipokatika, mama alikuwa amekunja uso. "Kumbe waniona mjinga?" Akaingia chumbani. Kwa mara ya kwanza tangu msiba niliogopa kwamba nimemwumiza mimi, si kifo.

Nikamfuata mpaka mlangoni. "Mama, hamna dhahabu mle. Mna ahadi ya benki, na mimi sijui ahadi hiyo yaendaje. Nimesoma na sijui."

Akasogea, akaniachia nafasi kitandani.

"Basi njoo ukae," akasema. "Tusijue sote."