Maisha ya Nyle Jeppson na Tangi Lisilokauka

Askofu wetu, ambaye siku za kazi ni fundi bomba, ameniambia niandike maisha ya ndugu yangu Nyle yasomwe kanisani Jumamosi, siku ya maziko yake. Kurasa mbili, zisizidi, na yawe ya kutia moyo. Kurasa nitazijaza nitakavyo. Shule niliacha darasa la sita nikachunge kondoo, kwa hiyo anayetaka maandishi ya kupendeza amtafute mwingine. Mimi nilikuwepo.

Nyle alizaliwa mwezi wa pili, theluji ikiwa imefika dirishani, na mkunga alikwama njiani. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mimi ndiye niliyemfunga kitovu, kwa uzi wa kiatu cha baba uliochemshwa. Tangu siku hiyo nilimwamrisha, naye alinikubalia, hata alipokuwa na mvi na mimi sina meno ya juu.

Alichunga ng'ombe korongoni miaka thelathini. Alimwoa Darla, akamzika Darla, akamlea binti yao Corlene peke yake, na nywele za yule mtoto alizisuka kama alivyosuka mkia wa farasi, vizuri sana. Kahawa alikunywa maisha yake yote katika kanisa linaloikataza. Aliinywa ghalani, akidhani hatunusi. Askofu, hilo usilifute.

Ilipokuja miaka mitatu bila mvua aliuza ng'ombe wote. Akaanza kuwapeleka watu wa mijini kupiga kambi kule kule korongoni. Hakuna bomba, hakuna choo, hakuna meza. Unalala juu ya mwamba, na ulichoingia nacho unatoka nacho, hata kile kinachotoka tumboni, kwenye ndoo yenye mfuniko. Walimlipa kwa hilo. Mimi nilikuwa mpishi: maharage, nyama ya nguruwe ya chumvi, mikate ya chachu kwenye chungu cha chuma chenye makaa juu na chini.

Lakini hawakuja kwa ajili ya mikate. Walikuja kwa ajili ya wezi. Zamani za babu yetu Anders, wezi wa farasi na wa mabenki walijificha kwenye majabali mekundu ya korongo lile, na mpaka leo ipo Ngazi, vidato walivyovichonga kwenye mwamba ili farasi wapande na kushuka. Babu hakuwa mwizi, ila wezi walikula mezani kwake. Kila Julai, kwenye sikukuu ya waanzilishi, ukoo mzima ukishashiba, mtu husimama na kueleza jinsi Babu alivyomrudisha sherifu, mkuu wa polisi aliyekuja kuwasaka, nyumbani kwa miguu, yeye na watu wake wanane, viatu vimechanika, farasi hawana. Tunacheka mpaka machozi. Sijawahi kumsikia mtu akiuliza farasi walikwenda wapi.

Na kulikuwa na neno jingine la Babu, ambalo hatukulichekea, tulilitunza kama mali. Kwamba kwenye korongo dogo la kushoto, maili mbili kutoka kambini, kuna tangi lisilokauka. Kwetu tangi ni shimo kwenye mwamba linaloshika maji ya mvua. Mengi hukauka Juni. Lile, alisema Babu, halikauki. Hayo nimewaambia wageni mara mia, nikiwagawia maharage, kana kwamba nililichimba mwenyewe.

Juni hii tulishuka na mgeni mmoja, Mwalimu Whitlow, mstaafu, mtu wa goti bovu na maneno mengi. Siku ya pili nyumbu aliyebeba madumu ya maji aliteleza kwenye Ngazi tukishuka. Tulimsikia kabla hatujamwona. Nyle alishuka akammaliza kwa risasi moja, akarudi na mikanda ya matandiko mkononi. Madumu yote mawili yamepasuka. Tukaenda kwenye chemchemi ya kambini, tukakuta ukungu wa kijani na tone moja kila mara unapokata tamaa. Tulibaki na galoni moja na chupa zetu za bati, moja kila mtu, na Nyle mbili.

"Tunapanda leo," alisema Nyle. "Jua likihamia upande wa pili Ngazi inapata kivuli. Kutoka juu mpaka kwenye gari ni maili saba. Maji haya yanatosha tukianza sasa."

"Na goti la Mwalimu?" nikauliza.

"Goti langu lisisingiziwe," akasema Mwalimu. "Nitapanda hata kwa makalio."

"Na zile maili saba utaenda kwa makalio pia?"

"Mama, kama ungeyaona makalio yenyewe usingeuliza."

Nyle alicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nimeshaamua. Nikasema tujaze kwanza maji kwenye tangi la Babu, tupumzike, kesho jioni tupande kama watu, siyo kama mbwa waliofukuzwa.

"Dada," akasema Nyle, "wewe umewahi kuliona hilo tangi?"

"Babu aliliona."

"Sikuulizi Babu. Nakuuliza wewe."

"Baba naye alisema lipo."

"Baba alisema alichoambiwa. Nimechunga humu miaka thelathini, na sijaona ng'ombe hata mmoja akielekea korongo lile. Ng'ombe hana hadithi, Dada. Anafuata maji."

Maneno hayo yalikuwa na akili, nami niliyasikia hivyo. Lakini Mwalimu alikuwa anatutazama, na mimi nilikuwa nimemsimulia tangi lile usiku wote uliotangulia. Nikasema, "Haya, tufuate ushauri wa ng'ombe. Mjukuu wa Anders Jeppson! Sema tu unaogopa kupanda mawe, tutakuelewa, umezeeka."

 Nyle alivaa kofia yake. "Kitovu changu ulikifunga vizuri, Dada," akasema, "ila ncha ya uzi hujaiachia mpaka leo." Hayo ndiyo yalikuwa makali yake. Zaidi ya hapo hakuwa nayo.

Kesho yake kulipopambazuka aliondoka na chupa zake mbili na mifuko mitupu ya maji begani. Alisema atarudi kabla ya saa sita. Mwalimu na mimi tulikaa chini ya mwamba ulioinama, tukisogea na kivuli. Saa sita ikaja. Mwalimu alikuwa ameacha kusema, na mtu wa namna ile akinyamaza unajua. Saa nane nilichukua fimbo na chupa yangu.

"Mama, jua hili litakuua," akasema.

"Limeshajaribu miaka sabini na miwili. Kaa hapo, na galoni hiyo usiiguse ila kulowesha ulimi."

Korongo dogo lile ni jembamba, kuta zake nyekundu zimekaribiana mpaka anga linabaki kama utepe. Nilimwita. Sauti yangu ilinirudia mara tatu, yake haikuja. Nilimkuta saa kumi hivi, mwisho kabisa, ambapo ukuta unafunga. Alikuwa amelala ubavu kwenye mchanga, mguu umegeukia mahali ambapo mguu haugeukii.

"Nyonga," akasema. "Usiniguse."

Nilimlowesha midomo kwa maji yangu. Kisha nikatazama. Tangi lipo. Babu hakusema uongo kwamba lipo. Ni shimo kubwa chini ya mwamba ulioning'inia, gari lingeweza kuingia. Mvua haifiki pale. Hata siku moja haijafika. Ndani yake kuna mchanga mkavu kama unga, na juu ya mchanga kuna mifupa. Mafuvu tisa, niliyahesabu, meno marefu ya njano, na viatu vya chuma vikiwa bado na misumari. Kuna mahali palipochimbwa kwa mikono na kwato, wanyama na watu pamoja, wakitafuta maji chini.

"Farasi wa sherifu," akasema Nyle. "Wote wapo. Sasa unajua kwa nini alirudi kwa miguu."

Niliokota kiatu kimoja cha farasi, nikakirudisha mchangani.

"Babu ndiye aliyemwelekeza huku, Dada. 'Msihofu maji, kuna tangi lisilokauka.' Nadhani ndivyo alivyomwambia, mlangoni, kofia mkononi. Ulikuwa uongo wa kumwambia sherifu. Sisi tukaupeleka nyumbani tukaulea."

Alitaka kucheka, uso ukamkunjamana.

"Ulipoona pakavu kwa nini hukurudi?" nikamuuliza. Nilimuuliza kwa ukali. Mungu anisamehe, hata hapo nilikuwa na ukali.

"Nilijua utasema sikutafuta vizuri. Nikapanda pale juu kuona kama kuna shimo jingine."

Nikatazama pale juu. Palikuwa na alama nyeupe mwambani alipoteleza, urefu wa watu watatu.

Nilijaribu kumvuta, akapiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia kwake hata akiwa mtoto. Nikamwacha alivyo. Akatoa funguo za gari mfukoni, akaniwekea kiganjani, akanifunga vidole.

"Rudi. Mpandishe Mwalimu jioni hii hii, kivuli kikiingia. Mwanga wa Juni unakawia. Mkifika barabara kuu simu itashika."

"Na wewe?"

"Mimi nitatorokea wapi?" Kisha akanyoosha chupa ya bati. Ilikuwa imejaa, hakuwa ameifungua. "Shika hii. Ninayo nyingine hapa nyuma ya mgongo."

Niliiona ile nyingine. Ilikuwa nyuma ya mgongo wake kweli, imelala ubavu, mfuniko umening'inia kwenye mnyororo wake, mdomo wazi, na mchanga chini yake mkavu. Ilikuwa tupu tangu asubuhi. Naye aliniona nikiiangalia. 

Niliichukua ile iliyojaa. Nilisogeza kofia yake imkinge uso, nikaweka koti langu upande wa jua, nikaondoka. Sikugeuka. Ningegeuka nisingekwenda, na Mwalimu hakuwa na mtu mwingine wa kumtoa mle.

Ngazi tuliipanda jioni ile. Mwalimu alipanda kwa makalio kama alivyosema, kidato baada ya kidato, akigeuzia korongo uso, akilia bila kuficha. Galoni na chupa zetu ziliishia Ngazini; juu tulitembea kwa mbalamwezi. Maji ya Nyle tuliyagawana kwa mfuniko, mfuniko mmoja kila maili. Yalitutosha. Tulilifikia gari kabla ya alfajiri, kwa hiyo Nyle alikuwa amesema kweli kwamba tungeweza kupanda siku ile ya kwanza, tukiwa na maji zaidi na watu watatu.

Helikopta ilishuka saa nne asubuhi. Walimkuta amejivuta hadi ndani ya tangi, kwenye kivuli, katikati ya mifupa ya wale farasi. Amekwisha. Daktari alisema si nyonga iliyomuua, ni kiu na joto, na kwamba alikuwa bado hajapoa sana. Neno hilo la mwisho sikumuomba.

Sasa Askofu amekuja mara mbili. Anasema maisha haya yaeleze kwamba Nyle alikufa akitafuta maji kwa ajili ya wengine, ambayo ni kweli, na yaishie hapo. Binamu yetu Verdell naye anataka nitaje habari ya sherifu, kwa sababu Nyle aliipenda, watu wacheke kidogo katikati ya msiba. Nimemwambia aende akayatazame mafuvu kwanza.

Jana Corlene alikaa jikoni kwangu. Akina mama wa kanisa wameleta viazi vya msiba vya jibini, sinia nne, na yeye hajatia kitu kinywani siku mbili. Alikuwa anavikoroga tu kwa uma.

"Shangazi," akasema, "ulipomwacha, alikuwa na maji?"

"Alikuwa nayo, mwanangu. Chupa nzima."

"Uliiona?"

"Niliiona."

Akala. Alikula sahani nzima huku machozi yanamdondokea chakulani, kisha akaniwekea kichwa begani, akasema, "Basi hakuteseka sana."

Corlene, hakuwa nayo. Chupa iliyokuwa na maji ilikuwa mkononi mwangu, na nililijua hilo nikiwa nimesimama mbele yake, naye alijua kwamba najua. Kabla ya hapo mimi ndiye niliyempeleka kule, kwa kumwaibisha mbele ya mgeni, alipokuwa amesema maneno ya akili. Baba yako hakufa kwa bahati mbaya wala kwa kutoijua nchi yake. Aliijua kuliko mimi. Nilimshinda kwa mdomo.

Kwa miaka sitini na mmoja alikuwa mtu mpole, fundi wa matandiko, mvivu wa kwenda kanisani, mwenye deni la kahawa kwa Mungu. Anakuacha wewe, na mimi. Jumamosi nitayasoma haya mwenyewe, hata Askofu akizima kipaza sauti, sauti yangu inafika. Nikimaliza nitakaa kiti cha mbele, upande wa dirisha, na watu wakitoka sitatoka. Nitakuwa pale, ukiwa na la kuniambia.